Sura ya Saba: Robo Gramu Iliyopotea

Mwanamke ambaye hakuna aliyemjua pale kituoni aliingia saa moja na nusu asubuhi, akampita askari wa zamu bila kuuliza njia, akaweka matofali mawili juu ya meza ya mpelelezi.

"Hiyo chai isogeze," alisema. "Itamwagika."

Mpelelezi akaisogeza. Alikuwa mama wa miaka hamsini na sita, mwenye magoti mabovu, na kwa miaka miwili alikuwa akingoja sahihi moja kwenye karatasi ya uhamisho. Vijana wa kituo walimwita Polepole, kwanza kwa siri, baadaye waziwazi, na siku hizi alikuwa akiitika.

"Nikusaidie nini, dada?"

"Mimi ni shangazi yake yule fundi uliyemfunga jana. Nimemlea tangu ana miaka mitatu. Nachoma matofali. Yeye naye alichoma, mpaka alipokwenda kusomea matanuri ya watu wa vitabu."

Polepole akamwonyesha kiti. Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Maabara ya chuo ilikuwa na kigae kimoja cheusi, cha mviringo, kipana kama kifuniko cha chupa ya maji. Kikipozwa kwa nitrojeni ya kimiminika, kilipitisha umeme bila ukinzani hata chembe, na sumaku ndogo ilielea juu yake bila kushikwa na kitu. Jumatatu wangekuja wageni watano kuamua kama maabara iendelee au ifungwe. Jana, Alhamisi, katika jaribio la mwisho mbele ya naibu mkuu wa chuo, sumaku ilikaa chini kama jiwe. Kigae kilipopimwa kilikuwa gramu 19.77. Daftari lilisema 20.04. Mkuu wa maabara, ambaye kila mtu alimwita Daktari, akasema kimebadilishwa. Kulikuwa na maabara nyingine iliyokitaka kigae hicho kwa udi na uvumba, kabati lilikuwa na ufunguo mmoja, na ufunguo huo ulikuwa mfukoni mwa fundi.

Polepole ndiye aliyemtia pingu. Alimtoa kwa lango la mbele, saa ya chakula cha mchana, na kwa yale magoti yake hawakuweza kwenda haraka. Kantini nzima ilipata muda wa kutosha kutazama.

"Sasa haya matofali?"

"Tazama ubavuni."

Moja lilikuwa jekundu, jingine jeusi lenye rangi ya moshi. Kila moja lilikuwa na alama ndogo iliyopinda, kama mwezi mwandamo.

"Huo ni ukucha," Shangazi alisema. "Bibi yake alianza, mimi nikafuata, na yeye nikamfundisha. Udongo ukiwa bado mbichi unabonyeza ukucha mara moja, basi. Mkono ukizoea hauachi. Hicho kigae chenu, kama ni kazi yake, kina ukucha. Kama hakina, mfunge na ufunguo utupe."

"Na hili jeusi? Udongo wa mahali pengine?"

"Udongo uleule, tanuri lilelile, siku ileile. Jekundu limepata hewa. Hili lilikaa chini, mlango ukazibwa mapema, likakosa. Hata mlio wake ni mwingine." Akaligonga kwa kifundo cha kidole ili Polepole asikie.

Polepole aliandika: *matofali mawili, yameletwa na shangazi wa mtuhumiwa, alama ubavuni.* Akatia saa na tarehe.

"Sikuombi umwachie," Shangazi alisema. "Nataka kitu kidogo. Nimeambiwa mlimtoa watu wakila, wakimtazama. Ukikuta ana kosa, hilo ni lake na Mungu wake. Ukikuta hana, mrudishe kwa lango lilelile, saa ileile, watu wakila. Usimtoe uani kama taka."

"Hicho ndicho kidogo?"

"Si kutembea tu?"

"Dada, kwangu mimi kutembea ndiyo kazi yenyewe."

"Basi ahidi, kabla hujafikiria sana."

Polepole akayatazama matofali, kisha mikono ya yule mama, iliyopasuka vidole vyote kumi.

"Nimeahidi," alisema.

*

Maabara ilinuka vumbi lililoungua. Matanuri matatu madogo yalipangwa ukutani, na pembeni mtungi wa oksijeni ulifungwa mnyororo kama mbuzi. Daktari alimpokea ofisini kwake. Alikuwa mtu mwembamba, shati lake limefungwa kifungo kimoja pembeni, na kikombe chake kilikaa kwenye ubao wa dirisha.

"Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu," Polepole alisema, akikaa kabla ya kukaribishwa. "Hutakuwa mbali na ukweli."

"Kigae kile ni oksidi. Kina metali tatu ndani yake. Itriamu fungu moja, bariamu mafungu mawili, shaba mafungu matatu."

"Moja, mbili, tatu. Kama watoto wanaruka kamba."

"Kama watoto, ndiyo. Lakini ukikosea hesabu unapata hiki." Akafungua kopo la bati lililotolewa kwenye droo ya fundi, akaweka kigae kidogo mezani. Kilikuwa cha kijani. "Poda ni zilezile tatu, hesabu ni nyingine. Hiki hakipitishi umeme hata ukikibembeleza. Kijana alikuwa anajifunza kuiga, mama. Kopo zima."

Polepole alimimina kopo. Vigae vya kijani vilikuwa kumi na tisa, kila kimoja kimefungwa kikaratasi. *Bariamu pungufu. Poda haikusagwa vizuri. Nimesoma mizani vibaya, nilikuwa na usingizi.* Kila kikaratasi kilikuwa na tarehe, na ya zamani zaidi ilikuwa ya miaka minne iliyopita. Alichukua lenzi, akageuza kigae kimoja ubavuni, kisha kingine. Ukucha. Ukucha.

"Mwigaji gani anaandika tarehe kwenye makosa yake?" aliuliza.

Daktari alikunywa chai, akarudisha kikombe palepale kilipokuwa, akakisogeza kidogo kwa kidole mpaka kikae sawasawa.

"Sijui, mama. Mimi si polisi."

Kwenye chumba cha vipimo kulikuwa na mama mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Walimwita Mpimaji, naye hakuwa na subira na yeyote. Polepole alimkabidhi kigae cheusi kutoka kwenye mfuko wa ushahidi, wakaandikishiana, na mashine ikaanza kuunguruma.

"Inachukua saa mbili," Mpimaji alisema. "Unaweza kusimama, unaweza kukaa. Haitabadilisha kitu."

"Nitakaa. Fundi ni mtu wa namna gani?"

"Anatunza makosa yake kama wengine wanavyotunza vyeti. Hapa Daktari anaandika, fundi anapika. Ndiyo namna yetu. Sahani inajulikana kwa jina la aliyeandika mapishi, si la mpishi."

Wakati mashine inafanya kazi, Polepole alizunguka. Kila tanuri lilikuwa na kidude kidogo kinachohesabu saa lilizowaka. La tatu lilisoma 4,115. Akafungua daftari la fundi: Jumanne jioni, tanuri la tatu, 4,112. Jumatano hapakuwa na mwandiko, kwa kuwa fundi alikuwa na ruhusa, kwa shangazi yake. Alhamisi asubuhi hakuwasha kitu.

Saa tatu zilikuwa zimeungua bila mwenyewe.

Alikwenda getini kwa mlinzi, mzee aliyeandika kila jina kwa herufi kubwa kama mtu anayechonga mlango. Jumatano waliingia watu wawili tu wa maabara hiyo, Daktari na Mpimaji. Mpimaji alitoka saa tano kwenda kliniki, hakurudi. Ukurasa uliofuata, Alhamisi, saa saba na robo, jina la fundi lilifuatwa na maneno: *AMETOLEWA NA POLISI.*

"Ulilazimika kuandika hivyo?" Polepole aliuliza.

"Ndivyo ilivyokuwa, mama. Daftari halina huruma."

Aliporudi, Mpimaji alikuwa amevua miwani.

"Moja, mbili, tatu," alisema. "Itriamu, bariamu, shaba. Sawasawa kabisa, kuliko hata mimi ninavyotia chumvi. Nimelinganisha na kipimo cha kigae halisi cha mwaka jana. Hakuna tofauti."

"Bandia yenye kila kitu cha halisi?"

"Mimi nasoma mashine tu. Na mashine hii inaona metali. Vitu vyepesi haivioni."

"Vitu vyepesi kama nini?"

Lakini simu ya mezani ililia, Mpimaji akaanza kugombana na mtu wa stoo, na Polepole akachukua kigae chake, akaondoka. Kwenye ngazi alisimama mara mbili kupumzisha magoti. Mara ya pili alikitoa kigae, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Juu kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Ubavuni kilikuwa na mwezi mwandamo.

*

Fundi aliletwa kwenye chumba cha mahojiano saa kumi. Alikuwa mtu wa miaka ishirini na minane, mrefu, na alikaa mbele kabisa ya kiti kama anayeogopa kukichafua.

Polepole aliweka mezani kigae, na kando yake tofali jeusi.

Fundi aliliona tofali kwanza. Akacheka kidogo bila kutaka.

"Shangazi amekuja."

"Amekuja, na amenipa amri. Tazama kigae. Ni chako?"

Alikitazama bila kukigusa, akainama kuona ubavu. "Changu. Ukucha huo ni wangu. Alhamisi niliwaomba wanionyeshe, wakasema nisikaribie ushahidi."

"Anayeweza kutia ukucha mmoja anaweza kutia wa pili."

"Kweli, afande."

"Usikubali upesi hivyo, utanichosha. Sikiliza. Alama ni yako. Metali ni zilezile, kwa hesabu ileile. Lakini sumaku haielei juu yake, na kimepungua robo gramu na kidogo. Kuna kitu kimetoka humu ndani. Kina uzito, lakini mashine ya Mpimaji haikioni." Akaligonga lile tofali jeusi kwa kifundo cha kidole, kama alivyofundishwa asubuhi. "Hili lilikosa nini?"

Fundi aliacha kucheka. Alitazama kigae kama mtu anayetazama mgonjwa wake kwenye kitanda cha hospitali nyingine.

"Hewa," alisema. "Nani amekichoma tena?"

"Mimi ndiye ninayeuliza. Eleza."

"Hesabu si tatu, afande, ni nne. Moja, mbili, tatu, na oksijeni karibu saba. Hiyo ya nne ndiyo yenye kazi. Ikiwa karibu saba, umeme unapita bila kizuizi. Ikishuka kuelekea sita, kigae ni kilekile kwa macho, kwa rangi, kwa kila kitu, lakini sumaku haielei. Kikiwa na moto mkali oksijeni inatoka. Inarudi wakati wa kupoa. Kuchoma ni kazi ya saa chache tu, kupoa ni siku nzima. Ndiyo maana tanuri langu halifunguliwi. Ukija asubuhi ukalikuta bado vuguvugu, unakwenda kunywa chai, unangoja tena."

"Na mtu akikitoa kingali chekundu?"

"Kinaganda na njaa yake ya hewa."

Polepole aliandika neno kwa neno. "Kwa nini mtu akichome kitu ambacho kilikuwa kizima?"

"Unyevu. Kikiachwa nje ya chupa kavu kinaota ukungu mweupe. Mtu asiyejua anaweza kutaka kuuunguza."

"Mtu asiyejua."

"Au anayejua kwenye karatasi," fundi alisema, kisha akatazama chini, kama aliyesema zaidi ya alivyokusudia.

"Kinaweza kupona?"

"Kama ufa haujafika chini. Nyuzi mia tano, oksijeni ipite juu yake siku nzima, halafu kipoe polepole." Akasita. "Samahani, afande."

"Nimezoea," alisema Polepole. "Siku nzima?"

"Siku nzima. Hakuna njia ya mkato. Wengi wameitafuta."

*

Jumamosi saa mbili asubuhi, mbele ya Daktari na Mpimaji, kigae kilipimwa tena, gramu 19.77, kikaingia kwenye tanuri la tatu. Mpimaji alifungua mtungi wa oksijeni. Polepole alibandika mkanda wa karatasi kwenye mlango, akatia sahihi yake, akawapa kalamu nao watie zao. Mkono wa Daktari ulichukua muda.

"Ni kupoteza wakati," alisema. "Kitu bandia kitabaki bandia."

"Mimi wakati ninao," Polepole alijibu. "Nguvu ndiyo sina."

Jumapili saa nne asubuhi walirudi. Mkanda ulikuwa mzima. Mpimaji aliukata kwa wembe, akagusa mlango kwa mgongo wa mkono, akaridhika kwamba umepoa. Kigae kilikuwa cheusi vilevile. Ufa ulikuwa palepale. Akakiweka kwenye mizani, akavaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

"20.03," alisema.

Mpimaji alikiweka kigae kwenye bakuli dogo, akamimina nitrojeni. Ilichemka, ikatoa moshi mweupe, ikatulia. Akachukua sumaku kwa kibano cha plastiki, akaiweka juu, akaondoa mkono.

Sumaku ilibaki hewani, unene wa kidole kidogo juu ya kigae. Mpimaji aliigusa kwa ncha ya kibano nayo ikazunguka, taratibu, bila kugusa kitu.

"Robo gramu ya hewa," Polepole alisema. "Nimemfunga mtu kwa robo gramu ya hewa."

Aliinuka, akaenda ofisini kwa Daktari, naye Daktari akamfuata bila kuitwa. Kikombe kilikuwa kwenye ubao wa dirisha.

"Kiinue," Polepole alisema.

"Mama."

"Kiinue tu, mwanangu."

Chini ya kikombe kulikuwa na duara jeusi lililoungua kwenye mbao, pana kama kifuniko cha chupa ya maji. Polepole hakuhitaji kuleta kigae ili alinganishe, ila alikileta, kwa sababu utaratibu ni utaratibu. Kilikaa ndani ya duara bila kubaki nafasi.

Daktari aliketi. Ilionekana kama amepungukiwa kitu cha kushikilia.

"Miaka kumi na moja sijashika koleo," alisema. "Jumanne jioni, kabati likiwa bado wazi, nilikitoa kumwonyesha mtu, nikasahau kukirudisha kwenye chupa. Jumatano asubuhi kina ukungu kama mkate uliosahauliwa. Fundi hayupo, ufunguo anao yeye, nitamwambia nini? Nikasema moto kidogo, saa tatu tu, ukungu utaondoka. Jaribio lilikuwa kesho yake. Nikakitoa kabla ya wakati, nikakileta hapa dirishani kipate upepo. Kikaniponyoka. Alhamisi, kijana alipofungua kabati, nikakirudisha bila yeye kujua."

"Ukajua lini?"

"Nilianza kuogopa kilipoanguka. Nikajua sumaku ilipokaa chini."

"Na ukasema kimebadilishwa."

"Naibu ndiye aliyeuliza. Alisema, 'Kimebadilishwa, au?' Nikasema ndiyo. Ni neno dogo sana, mama. Lilitoka kabla sijalifikiria. Halafu wakaenda kufungua droo ya kijana."

"Ijumaa hukuwa na haraka. Ijumaa ulinionyesha kigae cha kijani."

Daktari aligeukia nje. Dirishani, watu wawili walikuwa wakipaka rangi mpya kwenye mawe ya njia, nyeupe, nyeusi, nyeupe, kwa ajili ya wageni.

"Maabara hii ikifungwa," alisema mwishoni, "yeye pia hana kazi. Nilijiambia hivyo. Nilijiambia namlindia kazi yake."

"Andika uliyoniambia," Polepole alisema, akimpa karatasi. "Yote. Na neno lile dogo pia."

*

Mkuu wa kituo alikuwa mdogo kwa Polepole kwa miaka kumi na tano, na alimheshimu kwa dhati, jambo ambalo lilifanya mazungumzo yao kuwa magumu zaidi. Jumapili hiyo mchana alikuwa na kikombe cha kahawa mezani. Chini ya kikombe ilikuwapo karatasi ya uhamisho.

"Kijana umemwachia?"

"Saa sita. Yuko kwa shangazi yake, nyumba ya wageni karibu na stendi."

"Vizuri. Kazi nzuri, mama. Sasa funga faili. Kigae kiliharibika chenyewe, kimetengenezwa, hakuna kesi. Naibu amenipigia. Daktari atamwomba kijana radhi, wao kwa wao. Kijana arudi kazini wiki ijayo, kwa mlango wa stoo, mambo yapoe."

"Maelezo ya Daktari yako ndani ya faili."

"Na yabaki ndani. Kinachotakiwa ni kimoja, kesho polisi wasionekane pale. Wageni watakula mchana kantini. Wakiuliza, watajibiwa nini?"

"Nimeahidi kumrudisha kesho. Lango la mbele, saa ya chakula."

"Umemwahidi nani? Mwanasheria?"

"Mchoma matofali."

Mkuu alicheka, si kwa dharau. Akainua kikombe, akatazama karatasi iliyokuwa na duara la kahawa pembeni. "Binti yako alijifungua lini?"

"Miezi mitatu iliyopita."

"Na hujamwona mjukuu."

"Nimeona picha."

"Hii nitaisaini kesho saa nane mchana. Mwezi ujao uko kule kwake, unabembeleza mtoto, magoti yamepumzika. Kama kesho imekuwa shwari. Mimi pia nina wakubwa wangu, mama. Usijitie kidole jichoni mwenyewe."

"Nimekusikia, mkuu."

"Umenisikia, au umekubali?"

"Nimekusikia," Polepole alisema, akashika ukingo wa meza ili ainuke.

*

Jumatatu saa saba na robo, walisimama mbele ya lango. Fundi alivaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata kitu. Shangazi alibaki ng'ambo ya barabara na kifurushi chake. Alisema hayo si mambo yake tena.

Mlinzi alifungua daftari. Akamwangalia fundi, akamwangalia Polepole, kalamu ikabaki hewani.

"Niandike nini?"

"Nipe."

Akaandika kwa mkono wake, kwa herufi kubwa kama zile za mzee: *AMERUDISHWA NA POLISI. HANA KOSA.* Akatia jina lake, cheo, na saa.

"Afande," fundi alisema kwa sauti ya chini, "tunaweza kwenda haraka kidogo. Watu wanatazama."

"Alhamisi tulikwenda haraka?"

"Hapana."

"Basi."

Wakaenda. Kutoka langoni hadi kantini ni hatua mia mbili, na goti la kushoto la Polepole lilizihesabu zote. Mawe ya njia yalinuka rangi. Kwenye madirisha ya kantini vijiko vilianza kusimama, kimoja baada ya kingine. Kwenye meza ya mwisho wageni watano walikuwa wakila, na Daktari alikuwa kati yao na shati lake limefungwa sawasawa safari hii. Naibu mkuu wa chuo aliweka leso yake chini.

Polepole alisimama mlangoni. Hakupaza sauti, lakini palikuwa kimya kiasi kwamba hakuhitaji.

"Siku ya Alhamisi nilimtoa mtu huyu hapa, mkiwa mnakula. Mimi ndiye niliyemfunga pingu. Hakuiba kitu na hakubadilisha kitu. Kosa halikuwa lake. Nimemrudisha. Samahani kwa kuwakatisha chakula."

Mmoja wa wageni, mama mwenye mvi, alimgeukia Daktari. "Huyu ni nani?"

Daktari aliinuka. Ilimchukua muda, kama kwamba yeye pia alikuwa na magoti. Naibu alimvuta mkono wa shati, yeye akautoa.

"Ndiye aliyekipika," alisema. "Kigae mlichokiona asubuhi. Mimi nilikiharibu, nikanyamaza yeye akifungwa. Njoo ukae hapa, fundi. Wakuulize wewe."

Fundi alimtazama Polepole.

"Nenda," alisema. "Mimi nilipewa kutembea tu."

Simu ilianza kutetemeka mfukoni mwake alipokuwa katikati ya njia akirudi. Aliiacha itetemeke. Ilinyamaza, ikaanza tena, ikanyamaza. Alipofika langoni, ulikuwepo ujumbe mmoja kutoka kwa mkuu: *Karatasi imerudi masjala. Samahani mama.* Alisoma, akairudisha simu mfukoni.

Shangazi alivuka barabara.

"Mmekwenda taratibu," alisema.

"Tulikwenda kama tulivyokwenda Alhamisi."

"Nimeona. Nimeona mpaka mlangoni." Alifungua kifurushi, akalitoa lile tofali jekundu, akalitia mikononi mwa Polepole. "Hili lako. Utabania karatasi zako mezani, zisipeperuke."

Polepole alilipima kwa mikono miwili. Lilikuwa zito kuliko alivyokumbuka. Akatafuta ukucha ubavuni kwa kidole gumba, akaupata.

"Ahsante, dada," alisema. "Karatasi nitatafuta nyingine."

Akalikumbatia tofali, akaanza kurudi kituoni kwa miguu.